Kilichoonekana kwenye Figo ya Zadock

Zadock Obuya alikuwa fundi wa friji. Kibanda chake kilikuwa Ngara, nyuma ya maduka ya jumla. Wenye bucha, wauza maziwa na akina mama wa mikahawa walimletea friji zilizogoma. Aliweka kiganja chake kwenye mgongo wa friji, akasikiliza, kisha akasema, "Hii ni gesi tu," au, "Hii kompresa inakufa." Mara nyingi hakukosea. Mdogo wake, Oyoo, alifanya kazi naye.

Nyumbani kwake kulikuwa Uthiru. Mke wake, Millicent, alifuma sweta za shule kwa mashine. Binti yao, Cate, alikuwa bado sekondari. Zadock pia alikuwa na dada mkubwa, Phoebe, karani katika ofisi moja katikati ya jiji. Phoebe aliishi Woodley, na ndiye aliyempokea Zadock alipokuja Nairobi akiwa kijana. Alimlisha, akampeleka kujifunza ufundi. Zadock alimpenda na kumwogopa, kama mtu anavyompenda na kumwogopa mama.

Siku moja Zadock na Oyoo walikuwa wakishusha friza kubwa kutoka kwenye pikapu. Kamba ikakatika. Friza ikamteleza Zadock mikononi na kumbana tumboni. Akakaa chini, hawezi kuongea. Oyoo akampeleka hospitali na kumpigia Millicent simu.

Daktari alitaka kujua kama kuna damu inayovuja ndani ya tumbo. Kwa hiyo Zadock akapigwa skani. Skani ni picha ya ndani ya mwili. Haiumi, na mtu hakatwi popote.

Baadaye daktari akawaita Zadock na Millicent. Alikuwa kijana, na alikuwa na haraka, kwa sababu nje kulikuwa na foleni ndefu.

"Mzee, una bahati," alisema. "Ini liko sawa. Wengu uko sawa. Hakuna damu. Ni misuli tu imeumia. Lakini kuna kitu kingine. Kwenye figo ya kushoto tumeona uvimbe mdogo."

"Ni hiyo friza imeniumiza?" Zadock akauliza.

"Hapana. Huo ulikuwepo kabla ya friza. Ni kama ncha ya kidole gumba hivi. Lazima urudi tupige skani nyingine, ile inayoonyesha figo vizuri zaidi."

Millicent akauliza polepole, "Daktari, ni kansa?"

"Sijasema hivyo. Inaweza kuwa kitu cha bure. Inaweza pia kuwa kansa. Hatuwezi kujua mpaka tuangalie."

Akawapa siku ya kurudi, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Nje ya geti Zadock alikuwa amekunja uso.

"Mimi nilikuja na tumbo lililobanwa na friza," alisema. "Wameangalia, wamesema niko sawa. Sasa huyu kijana ananitafutia ugonjwa ambao sikuja nao."

"Si alisema turudi tu waangalie?"

"Alisema 'inaweza'. Mimi pia ninaweza kuwa gavana. Nina maumivu kwenye figo? Sina. Nakojoa vizuri? Nakojoa. Basi."

Siku ya kurudi ilipofika, Zadock aliamka mapema na kwenda Ngara kama kawaida. Jioni Millicent alimuuliza.

"Kulikuwa na kazi," alijibu.

"Baba Cate, wewe huwaambia wateja wako wasingoje friji izime kabisa."

"Mimi si friji, Millicent."

"Basi wacha nimuulize Sista Wamucii. Yeye ni nesi. Anakaa hapo tu ng'ambo ya ua."

Zadock aliweka kijiko chini. Sauti yake ilibadilika.

"Nisikilize vizuri. Usimwambie Wamucii. Usimwambie Phoebe, wala mama. Mtu akishaitwa mgonjwa wa kansa, watu huanza kumzika akiwa hai. Wateja watanikimbia. Ukimwambia mtu, basi wewe ndiye unayeniombea kifo."

Millicent aliogopa neno hilo. Akanyamaza. Alijaribu tena mara moja baada ya Krismasi, na Zadock akatoka nje akafunga mlango kwa kishindo. Baada ya hapo hakusema tena. Kila asubuhi alimwona Sista Wamucii akitoka kwenda kazini. Walisalimiana.

"Sasa, Mama Cate? Nyumbani wako salama?"

"Tuko salama, Sista."

Zadock naye alionekana mzima. Alibeba mizigo, alicheka, alikula vizuri. Millicent akaanza kuamini kwamba labda mumewe alikuwa sahihi. Hata alimshukuru Mungu kanisani kwa ajili ya jambo hilo, kimya kimya.

Mwaka ukaisha. Mwaka wa pili ulipokuwa katikati, Zadock alianza kukonda. Mkanda ulihitaji tundu jipya. Mgongo ulimuuma upande wa kushoto, akasema ni kwa sababu ya kuinama. Kisha Millicent akaona damu chooni.

"Hii ni damu ya nani?" aliuliza.

Zadock alifunga mlango wa choo. "Ni yangu, ni siku nyingi sasa," akasema. "Inakuja, inaenda."

Phoebe ndiye aliyewapeleka hospitali safari hii. Alimwona mdogo wake alivyokonda, akaomba ruhusa kazini siku hiyo hiyo. Zadock akapigwa ile skani ambayo angepigwa zamani. Ule uvimbe ulikuwa umejaza figo. Ulikuwa umefika kwenye mapafu.

Daktari wa safari hii alikuwa mama mtu mzima. Aliwaeleza bila kuzungukazunguka. Ilikuwa kansa ya figo. Upasuaji haungeiondoa yote tena. Kulikuwa na dawa za kuipunguza kasi, lakini si za kuimaliza.

Kisha akauliza, "Hii haikuwahi kuonekana kabla? Hujawahi kupigwa skani ya tumbo?"

Zadock alitazama sakafu. Phoebe akasema, "Hapana, daktari. Tungejua."

Millicent alimwangalia daktari.

"Ilionekana," alisema. "Wakati ule wa friza. Walituambia turudi."

Phoebe aligeuka. Walipofika kwenye veranda alimshika Millicent mkono kwa nguvu.

"Ulijua? Miaka yote hii ulijua, na unakuja kwangu tunakunywa chai?"

"Alinikataza, Phoebe."

"Alikukataza! Mtoto akikukataza kumtoa motoni, utamwacha? Simu yangu huna? Woodley hupajui?"

"Dada, wacha," Zadock alisema kutoka kwenye kiti cha magurudumu. "Ni mimi."

"Wewe nyamaza, wewe ni mgonjwa," Phoebe alisema, akaanza kulia.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Sista Wamucii alikuja kila jioni alipotoka kazini. Alimfundisha Millicent kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, na kumpa dawa ya maumivu kabla maumivu hayajapanda. Hakuuliza kwa nini hakuitwa mapema. Millicent alitamani aulize.

Siku moja Zadock alimwita mkewe akae karibu.

"Nilidhani nikiinyamazia, nayo itanyamaza," alisema. "Kumbe ilikuwa inafanya kazi yake."

Alikufa mwezi wa Agosti.

Walimzika kwao, Siaya. Watu walikuwa wengi. Phoebe alipopewa nafasi ya kuzungumza, alisema mambo mazuri kuhusu mdogo wake. Kisha sauti yake ikawa kali.

"Zadock hakupaswa kufa," alisema. "Kuna mtu ndani ya nyumba yake aliyejua. Alijua na akafunga mdomo. Mungu anamwona."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Macho yote yalimgeukia Millicent, ambaye alikuwa amekaa kando ya jeneza na Cate. Mama mkwe wake alivuta kiti chake kidogo, akakaa mbali naye. Tangu siku hiyo Phoebe na Millicent hawakupigiana simu. Oyoo alibaki na kibanda cha Ngara, na kila mwezi alimletea Cate pesa za matumizi, lakini alisimama mlangoni tu.

Karibu mwaka mmoja baadaye, Jumapili alasiri, Millicent alikuwa akifuma. Mlango ukabishwa. Alikuwa Phoebe. Alikuwa amevaa nguo za kanisani, na uso wake ulikuwa umechoka.

"Karibu," Millicent alisema.

Alipika chai. Phoebe hakuigusa.

"Nimekuwa na maumivu nikila mafuta," Phoebe alianza. "Hapa chini ya mbavu. Wakanipiga skani. Wamepata mawe kwenye nyongo. Hayo si kitu, yanatolewa." Akameza mate. "Lakini wameona pia kitu kwenye figo. Ya kulia."

Millicent aliweka kikombe chake chini.

"Wamesema ufanye nini?" Millicent aliuliza.

"Nirudi kwa skani nyingine. Siku yenyewe imeshapita. Sikwenda." Phoebe alifuta macho. "Sitaenda. Nilimwona Zadock. Wakiniambia ni ile, nitakufa kabla sijafa. Na watu husema kansa ikipigwa kisu, hewa ikiigusa, inasambaa. Afadhali nisijue. Nimekuja tu kwa sababu hakuna mtu mwingine anayeweza kuelewa. Tafadhali usimwambie mama. Wala Oyoo."

Millicent alisimama. Kwa muda mrefu alikuwa amefikiria angemwambia nini mwanamke huyu siku moja. Yote yalikuja mdomoni, na yote yalikuwa machungu.

"Wewe ulisimama mbele ya jeneza la mume wangu," alisema. "Uliniita muuaji mbele ya mtoto wangu. Kwa sababu nilinyamaza. Leo unakuja kwangu kuniomba ninyamaze?"

Phoebe hakuweza kumtazama.

"Kaa hapo," Millicent alisema. "Usiondoke."

Akatoka bila hata viatu vya nje, akazunguka ua, akabisha kwa Sista Wamucii.

"Sista, njoo. Ni Phoebe. Njoo sasa hivi."

Wamucii alikuja, mikono ikiwa bado na unga wa chapati. Aliketi karibu na Phoebe na kumsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, kwanza nikuambie jambo moja. Mimi pia niko na kitu kwenye figo."

Phoebe aliinua kichwa.

"Ndiyo. Nilipigwa skani nikiwa na mimba ya mwanangu, Ndungu. Walikuwa wanamtafuta mtoto, wakaona kifuko kwenye figo yangu. Nilirudi wakakiangalia vizuri. Ni maji tu ndani. Wakasema tukiache. Ndungu sasa ananizidi urefu, na kifuko bado kipo."

"Kwa hiyo changu pia kinaweza kuwa maji?"

"Kinaweza. Skani hutumwa kutafuta kitu kimoja, lakini inaona kila kilicho njiani. Mambo mengi inayoyaona bila kutafuta hayana hatari. Ni vifuko vya maji, makovu, vivimbe visivyodhuru. Lakini vingine ni kansa ambayo bado haijaanza kuuma. Ukiviangalia kwa jicho tu, au kwa kusikiliza mwili, huwezi kuvitofautisha. Hata mimi nesi siwezi. Ndiyo maana wanakuita urudi."

"Mwanzoni Zadock hakusikia maumivu hata kidogo," Millicent alisema kutoka mlangoni.

"Figo iko ndani sana," Wamucii alijibu. "Uvimbe mdogo haugusi kitu cha kuuma. Mtu akianza kuona damu na kukonda, mara nyingi umekuwa mkubwa. Wakati mzuri wa kuitoa kansa ya figo ni wakati mtu anajisikia mzima. Hapo ndipo watu hukataa, kwa sababu wanajisikia wazima."

"Na hewa?" Phoebe aliuliza kwa sauti ndogo. "Na kisu?"

"Huo si ukweli. Hewa haisambazi kansa. Nitakuambia maneno hayo yanatoka wapi. Watu wetu hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Wanapasuliwa, inaonekana imeenea, wanakufa. Kisha tunalaumu kisu. Kisu kiliikuta tayari imeenea."

Phoebe alivuta kikombe cha chai kilichokwisha kupoa.

"Nikienda, niwaulize nini? Mara ya kwanza niliduwaa. Sikuuliza hata neno."

"Uliza kilichoonekana kinaitwaje, na kina ukubwa gani. Uliza ni maji au ni nyama. Uliza nini kinafuata, na lini. Wakitumia maneno magumu, waambie warudie kwa Kiswahili. Usione haya. Na waambie kuhusu kaka yako. Hilo ni muhimu kuliko yote. Na usiende peke yako."

"Haendi peke yake," Millicent alisema.

Alisema hivyo kwa ukali. Hakuwa amemsamehe. Lakini kesho yake asubuhi alikuwa Woodley, mlangoni kwa Phoebe, kabla Phoebe hajamaliza kufunga kitambaa chake.

Skani ya pili ilionyesha kwamba si maji. Daktari wa upasuaji, Daktari Kitheka, aliwaonyesha picha kwenye kompyuta. Kulikuwa na doa la mviringo pembeni mwa figo.

"Hii ni nyama, na ina dalili za kansa," alisema. "Lakini ni ndogo, na haijatoka nje ya figo. Ninaweza kutoa sehemu hiyo tu na kuacha figo iliyobaki."

Phoebe aliuliza kila swali aliloambiwa aulize. Mawili aliyasahau, Millicent akamkumbusha. Kisha akaeleza kuhusu Zadock. Daktari aliacha kuandika na kumsikiliza.

Upasuaji ulifanyika. Phoebe aliumwa kidonda, akalalamika kuhusu uji wa hospitali, akaanza kutembea. Millicent alilala Woodley mpaka Phoebe alipoweza kujipikia. Waliongea kuhusu dawa, chakula na mvua. Kuhusu mazishi hawakuongea.

Siku ya majibu walikwenda pamoja. Daktari Kitheka alitabasamu kabla hawajaketi.

"Ilikuwa kansa," alisema. "Imetoka yote. Kwa sasa huhitaji dawa nyingine. Utakuwa unarudi kupigwa skani kwa miaka kadhaa, tuhakikishe hakuna inayorudi. Usikose hata mara moja."

"Sitakosa."

Millicent alimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini Phoebe hakusimama.

"Daktari," alisema, "ya kaka yangu, ilipoonekana mara ya kwanza. Kama angerudi."

"Ilikuwa na ukubwa gani?"

Phoebe hakujua. Millicent ndiye aliyekuwepo. Akainua mkono na kuonyesha ncha ya kidole gumba.

Daktari Kitheka alikitazama kidole hicho. Kisha akavua miwani.

"Sitawadanganya," alisema. "Mimi sikumwona, na siwezi kuapa. Kila kansa ina tabia yake. Lakini uvimbe wa ukubwa huo ni mdogo kuliko huu niliokutoa wewe, mama. Mara nyingi uvimbe wa aina hiyo tunautoa na mtu anarudi kazini."

Millicent alikuwa amejua hivyo siku zote. Kumsikia daktari akisema kulikuwa jambo lingine.

"Kuna jambo moja zaidi," daktari aliendelea. "Ndugu wawili wa tumbo moja, na nyote bado si wazee. Wakati mwingine ugonjwa huu hutembea katika familia. Mna ndugu mwingine?"

"Tuna mdogo wetu. Anaitwa Oyoo."

"Aje tumwangalie. Hata kama haumwi. Hasa kama haumwi."

Nje waliketi kwenye benchi. Watu walipita na bahasha zao kubwa za picha. Phoebe alikuwa akilia bila sauti.

"Mimi ni mzima," alisema, "na yeye yuko ndani ya udongo, kwa ugonjwa ule ule. Na mimi nilitaka kufanya alivyofanya. Nilikuhukumu, Millie, kisha nikafanya vile vile. Mwisho wa mwezi nitakwenda nyumbani nimwambie mama, mbele ya wote waliokuwepo mazishini. Nitasema nilikosea."

"Nenda ukamwambie," Millicent alisema. Alitazama mbele. "Nimefurahi uko hai. Lakini bado inaniuma, Phoebe. Usiniombe niseme haiumi. Na ninalo kosa langu pia. Ningeruka ule ua siku ile ile aliyonikataza, angenichukia mwezi mmoja, na angekuwa hai. Hilo nitakaa nalo."

Phoebe alimshika mkono, na Millicent hakuuondoa.

Kutoka pale walikwenda kwa miguu polepole hadi Ngara. Oyoo alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya bucha, akikaza nati. Alishangaa kuwaona wawili hao pamoja. Aliwavutia viti, akasikiliza kwa mara ya kwanza habari za ugonjwa wa dadake na kupona kwake, akamshukuru Mungu. Kisha Phoebe akamwambia mengine aliyosema daktari.

Oyoo alicheka kidogo.

"Aa, dada. Mimi niko fiti. Tangu asubuhi nimebeba friji mbili. Siumwi mahali popote."

Hakuna aliyecheka naye. Phoebe alimtazama Millicent. Millicent akasogeza kiti chake karibu na Oyoo mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Shemeji," alisema, "Zadock pia hakuwa anaumwa. Alisimama hapo ulipo, akabeba friji, mwaka mzima, na ile kitu ilikuwa ndani. Sikumpigia kelele. Wewe nitakupigia kelele. Nitakuja hapa kila siku, nitapiga kelele mbele ya wateja wako mpaka uende."

Oyoo alimtazama usoni. Akamtazama dada yake. Nje mtu alikuwa akiita bei ya mashuka. Polepole Oyoo akaweka spana chini na kujifuta mikono kwa kitambaa.

"Ni hospitali gani?" aliuliza. "Na tunaenda lini?"